Taa za muda, taa za sensa au taa zinazojipanga zenyewe: zipi zitapunguza foleni?

Siku hizi mji wowote ukizidiwa na foleni jibu la kwanza utakalosikia ni tuweke taa smati, kamera, akili bandia, mambo yaishe. Mimi haya mambo ya taa nayapenda sana, nimeshasimama kwenye makutano mengi na simu mkononi nahesabu sekunde, na kinachoniuma ni kuona hela nyingi zinamwagwa kwenye mfumo mkubwa wakati shida ilikuwa sekunde kumi tu ambazo upande mmoja unapewa na hauzitumii. Afu hilo neno smati lenyewe limebeba vitu vinne vitano tofauti kabisa, ndo maana nataka tuviweke pembeni kwa pembeni tuone kipi kinafanya nini na kipi kinafaa wapi.

Kwanza tuelewane, taa haiongezi barabara. Leni moja ikipewa kijani na magari yamejipanga, linapita gari moja kila baada ya sekunde mbili hivi, yaani kama 1,800 kwa saa endapo kijani isingezimika kabisa. Sasa mzunguko mzima ukiwa sekunde 90 na upande wako unapata 30, umebakiwa na theluthi, magari 600 kwa saa. Yakija 550 utasubiri kidogo utapita. Yakija 700 kila saa yanabaki 100 nyuma, na foleni itarefuka tu mpaka watu waache kuja. Hapo kazi ya teknolojia ni moja, kutafuta kama kuna upande mwingine unapewa sekunde usizozihitaji ikuletee wewe. Kama upo, utaona tofauti kubwa hata kesho. Kama pande zote nne zimejaa hakuna pa kuchukua, weka kompyuta ya aina yoyote unayotaka.

Muda maalum au sensa?

Taa ya muda maalum ndo ile ya zamani, mtu alikuja na karatasi akahesabu magari, akapanga ratiba ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, akaondoka. Watu wanaidharau lakini ina mazuri yake, haina sensa (kifaa kinachohisi gari limefika) ya kufa, fundi yeyote anaielewa, na ukitaka kuiunganisha na taa ya jirani ni rahisi kwa sababu unajua kabisa saa ngapi itawaka nini. Ubaya wake ni kwamba inazeeka. Shule mpya inafunguliwa, nyumba zinajengwa upande wa pili, magari yanabadilisha njia, na ratiba iko palepale miaka saba. Ukisikia watu wanasema taa hii haina maana, mara nyingi haina ubaya wowote ile taa, ni hesabu yake tu imepitwa na wakati.

Na hesabu yenyewe sio siri. Mwaka 1958 mtaalamu mmoja wa Uingereza anaitwa Webster alitoa kanuni ya kutafuta urefu mzuri wa mzunguko, na mpaka leo mainjinia wanaanzia hapo. Unachukua sekunde zinazopotea kwenye kila mzunguko (zile za kubadilisha rangi na za madereva kushtuka na kuanza kuondoka), unazidisha kwa moja na nusu, unaongeza tano, halafu unagawanya kwa nafasi iliyobaki wazi. Tuseme zinapotea sekunde 10 na makutano yamejaa asilimia 60, mzunguko mzuri unakuja sekunde 50. Yakijaa asilimia 80 unakuja 100. Yakijaa 90 ni 200, na ukifika 95 kanuni inakwambia sekunde 400, ambayo ni karibu dakika saba, hakuna mtu atakaa hapo. Hebu itazame hiyo namba vizuri maana ndani yake kuna kila kitu, jinsi makutano yanavyokaribia kujaa ndivyo ujanja wa kupanga sekunde unavyoisha nguvu.

Ya sensa inafanya kazi tofauti. Ina muda wa chini na muda wa juu, magari yakiendelea kuja inarefusha kijani, ikikosa gari kwa sekunde chache inakata inampa mwingine. Kwenye makutano ya pembezoni ambako barabara kubwa inakutana na kabarabara kadogo hii ndo dawa, usiku hausimamishwi bure na mwenye njia ndogo hasubiri milele. Lakini ukiiweka katikati ya mji ambako kila upande una foleni kuanzia asubuhi mpaka jioni, sensa itaona magari muda wote, kila upande utafika kwenye muda wa juu, na hapo umenunua taa ya muda maalum kwa bei ya juu.

Na kuna kitu kingine ambacho wauzaji hawakigusi. Sensa ikifa, mitambo mingi imepangwa ichukulie kwamba gari lipo, ili mtu asije akaachwa kwenye nyekundu daima, ni uamuzi mzuri kiusalama. Ila matokeo yake upande huo unapewa kijani yote kila mzunguko hata kama hamna hata bajaji, na hakuna anayelalamika kwa sababu taa inawaka vizuri tu. Kuna makutano nilikuwa napita kila usiku, barabara ya pembeni ilikuwa inapewa sekunde ishirini na kitu na sijawahi kuona gari linatoka, sisi kumi tumesimama tunaitazama. Ilikaa hivyo zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kabla hujauliza mfumo gani ni wa kisasa zaidi uliza nani atakuwa anakagua sensa, kila baada ya muda gani, na je mfumo unapiga kelele wenyewe pale sensa moja inaposema kuna gari masaa 24.

Chaguo la katikati ambalo mimi nalipenda

Kuna njia ambayo haihitaji kuchimba lami wala kununua kamera. Simu za madereva zinatuma mwendo wao, na ukikusanya safari nyingi unaona kabisa watu wanasimama wapi, mara ngapi, na saa ngapi. Google wana mradi unaitwa Green Light, unachambua mwenendo wa magari kutoka kwenye ramani zao halafu unampa injinia wa mji pendekezo, kwa mfano hapa ongeza sekunde kadhaa jioni, au hizi taa mbili zifuatane. Injinia ndo anaamua na anabadilisha kwa mtambo huohuo aliokuwa nao. Mwaka 2023 walisema wapo kwenye makutano 70 ndani ya miji 12, na kwamba matokeo ya mwanzo yanaonyesha kusimamasimama kunaweza kupungua hadi asilimia 30. Ni namba zao wenyewe hizo, na hiyo hadi ina maana ni pale palipofanya vizuri zaidi, lakini hata ukipata theluthi yake kwa kubadilisha sekunde tu sio jambo dogo.

Ukilinganisha na sensa, data ya simu inaona safari nzima sio mita chache kabla ya mstari, na haiharibiki lami ikichimbwa. Ila haioni sasa hivi, inakwambia jumanne za jioni huwa zikoje, kwa hiyo ajali ikitokea saa hii haitakusaidia kwenye taa. Na asiyekuwa na simu yenye ramani haonekani, wakiwemo wengi wanaotembea kwa miguu.

Kijani mfululizo au mfumo unaojirekebisha?

Hapa ndo watu wanachanganya sana. Kuunganisha taa zifuatane ni jambo la zamani, halihitaji akili bandia, linahitaji saa zinazokubaliana. Taa mbili zikiwa mita 500 na watu wanaenda kilomita 50 kwa saa, ya pili inatakiwa iwake kijani sekunde 36 baada ya ya kwanza, basi. Copenhagen walifanya hivi kwa ajili ya baiskeli, ukipedali kilomita 20 kwa saa unapata kijani mfululizo ukienda mjini asubuhi. Los Angeles nao mfumo wao wa kompyuta ulianza kwa ajili ya Olimpiki ya 1984 na kufikia 2013 walikuwa wameunganisha taa zote za mji, kama 4,400 hivi. Los Angeles bado ina foleni, nadhani hilo kila mtu analijua, ila hiyo haimaanishi kazi ilikuwa bure, maana yake ni kwamba taa zina mwisho wa uwezo wao.

Shida ya kijani mfululizo ni kwamba ukimpendelea anayeenda, anayerudi anaumia, isipokuwa umbali kati ya taa uwe umekaa vizuri kwa bahati. Na magari yakiharibu mwendo, mmoja akisimama kushusha abiria kwenye leni, wimbi lote linavunjika.

Mifumo inayojirekebisha ndo inajaribu kutatua hilo. Miwili mikubwa ya zamani ilizaliwa miaka ya 1970, SCOOT ya Uingereza na SCATS ya Sydney, na bado inatumika miji mingi duniani. Tofauti yake kubwa ni sensa inakaa wapi. SCOOT inaweka sensa mbali kabla ya taa, mwanzoni mwa kipande cha barabara, inahesabu magari yanayokuja inatabiri yatafika lini, halafu inabadilisha sekunde chache chache ili isiwashtue watu. SCATS inaweka sensa kwenye mstari wa kusimamia, inaangalia kijani iliyopita ilitumika vizuri kiasi gani, inarekebisha mzunguko unaofuata. Kwa lugha nyepesi ya kwanza inatazama mbele, ya pili inajifunza kutokana na kilichotokea sasa hivi. Ukiwa na barabara ambapo magari mengi yanaingia katikati kutoka kwenye maegesho na vichochoro, utabiri wa kutoka mbali unakosea zaidi, na ukiwa na barabara ndefu safi isiyo na viingilio utabiri unafanya kazi vizuri.

Halafu kuna kizazi kipya ambacho hakina bosi mmoja katikati. Pittsburgh mwaka 2012 watu wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon waliweka mfumo unaitwa Surtrac kwenye makutano tisa, kila makutano yanajipangia yenyewe kwa kile yanachokiona, halafu yanamwambia jirani magari mangapi yanakuja na yatafika lini. Waliripoti muda wa safari kupungua kama asilimia 25 na muda wa kusubiri asilimia 40. Mimi hii napenda kwa sababu mbili, intaneti ya makao makuu ikikatika taa bado zinafikiri, na unaweza kuanza na tisa ukaongeza kidogo kidogo badala ya kufunga mji mzima kwa mkupuo. Ila usichukue hizo asilimia ukazibandika kwako, pale walilinganisha na ratiba zao za kawaida, kama zako zina miaka kumi hazijaguswa unaweza kupata zaidi, na kama ulizipanga upya mwezi jana utapata kidogo sana. Ndo maana nasema panga upya kwanza hesabu za kawaida kabla hujanunua, la sivyo utalipia mfumo mkubwa kwa faida ambayo injinia mmoja na wiki tatu angekupa.

Na trafiki je

Siwezi kumruka askari anayesimama katikati anapuliza filimbi, maana sehemu nyingi yeye ndo mfumo unaojirekebisha, na watu wengi wanamwamini kuliko taa. Macho yake ni mazuri kweli, anaona ambulensi, anaona lori limeharibika, anaona mbele kumeziba hivyo asiruhusu watu wakaingia katikati wakakwama, na hilo la mwisho sensa nyingi hazilioni kabisa. Lakini haoni makutano yanayofuata. Anaachia upande mmoja dakika tano, upande huo unafurahi, ila baada ya ile foleni iliyoshikana kuisha magari yanaanza kupita yameachana achana, huku pande nyingine tatu zinajaa mpaka zinaziba makutano ya nyuma yake. Wapo askari wawili kwenye makutano jirani na kila mmoja anamtupia mwenzake mzigo bila kujua. Kwenye ajali, mvua kubwa, umeme kukatika, mchukue yeye. Kwenye asubuhi ya kawaida ya kila siku taa iliyopangwa vizuri inamshinda, na kumshinda huko hakumaanishi afukuzwe, apewe redio na picha ya makutano mengine.

Sensa zenyewe

Nyaya za kwenye lami ni za kuaminika na hazijali ukungu wala giza, zinahisi chuma kikipita juu. Ila barabara ikikarabatiwa zinakatwa, kuzirudishia lazima ufunge leni, na pikipiki au baiskeli zinaweza zisionekane. Kamera inaona leni zote kwa mpigo, inatofautisha basi na gari dogo na mtu, unahamisha eneo la kuhesabia kwa kompyuta tu, lakini jua likiipiga usoni au mvua kali au lenzi chafu inapofuka, na lazima uweke sheria kwamba picha za nyuso na namba za gari hazihifadhiwi bila sababu. Rada haisumbuliwi na mvua wala giza ila baadhi yake hupata shida na gari lililosimama kimya muda mrefu. Kwa sehemu zenye pikipiki nyingi zinazojipenyeza mpaka mbele ya foleni mimi ningeenda na kamera au rada, waya wa lami utakudanganya kwa sababu umepangwa kwa magari yanayokaa kwenye leni, na mifumo mingi ya kuuzwa imepikwa kwa nidhamu hiyo ya leni. Waambie wauzaji wakuonyeshe inavyohesabu pikipiki ishirini zilizobanana, sio video ya barabara safi.

Nani anahesabiwa

Hili ndo linaloniumiza kuliko yote. Mfumo unapunguza kile ulichouambia upunguze. Ukiuambia upunguze kusubiri kwa magari, basi lenye watu 50 ni gari moja na prado lenye dereva peke yake ni gari moja, sawa kwa sawa. Zurich kwa miaka mingi wamepanga taa zao kinyume chake, tramu na basi likikaribia taa inajua na inalifungulia, na usafiri wa umma pale unafuata ratiba kweli. Kwa hiyo ukilinganisha mifumo miwili na mmoja unaweza kupokea taarifa za mabasi na mwingine hauwezi, kwangu mimi hiyo inazidi tofauti ya akili bandia yoyote.

Na wanaotembea. Mzunguko ukirefushwa kusaidia magari, mtu wa miguu anasubiri dakika mbili, hasubiri, anavuka kwenye nyekundu, na hapo ndo watu wanagongwa. Barabara ya mita 14 kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde inahitaji sekunde 12 hivi, mzee au mtoto anaenda mita moja anahitaji 14 au zaidi. Kuna mifumo inayoona mtu bado yuko katikati ikamwongezea sekunde, na ipo ambayo inaruka kabisa zamu ya watu wa miguu kama hakuna aliyebonyeza kitufe, hata kama kitufe kimevunjika. Mfumo wa namna hiyo ya pili mimi siutaki bure.

Usalama wa mtandao na umeme

Hapa nitapita haraka. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Michigan, kwa ruhusa ya wenye barabara, waliingia kwenye mtandao wa taa karibu 100 na kukuta mawasiliano ya redio hayajafichwa na nywila ni zilezile zilizotoka kiwandani. Taa ambayo haijaunganishwa popote haina shida hiyo. Ukiunganisha, badilisha nywila, ficha mawasiliano, na kikomo cha usalama kinachozuia pande mbili kupewa kijani pamoja kibaki kwenye chuma chenyewe, pasiwe na mtu anayeweza kukigusa kwa mbali. Na ziwe za LED zenye betri, LED zinakula umeme kidogo mno hivyo betri inaweza kuzibeba umeme ukikatika.

Kabla hujaweka taa kabisa

Linganisha pia na kipilefti, au raundabauti kama wengine wanavyoita. Hakihitaji umeme, hakina sensa, na tafiti za Marekani zinaonyesha makutano yakigeuzwa kuwa kipilefti ajali za kujeruhi hupungua kwa zaidi ya asilimia 70, kwa sababu wote wanapunguza mwendo na hakuna kugongana uso kwa ubavu. Mji wa Carmel kule Indiana una zaidi ya 150. Magari yakiwa ya wastani na pande zinalingana mimi ningechagua hicho kabla ya taa yoyote. Magari yakiwa mengi sana kutoka upande mmoja, wa upande unaofuata hapati mwanya, na njia ya kutokea ikiziba kipilefti kizima kinajifunga, hapo taa inashinda.

Na kama umeshafikia pale pande zote zimejaa, wenzetu wa Stockholm walipojaribu kutoza ada ya kuingia katikati ya mji mwaka 2006 magari yaliyovuka mpaka wa tozo yalipungua kama asilimia 20, kiasi ambacho taa peke yake haiwezi kukupa kwenye makutano yaliyojaa.

Kwa hiyo mimi ningeenda hivi. Makutano ya pekee, magari yasiyotabirika, weka sensa na mtu wa kuzikagua. Barabara moja ndefu yenye taa tano sita, panga ratiba upya kwa data ya simu halafu unganisha zifuatane, usinunue zaidi ya hapo mwaka wa kwanza. Eneo lenye viwanja vya mpira, matamasha, ajali za mara kwa mara, yaani magari yanabadilika bila ratiba, hapo ndo mfumo unaojirekebisha unalipa. Na yeyote atakayekuuzia mwambie asikuletee namba za mji mwingine, awashe mfumo wiki moja na azime wiki inayofuata, arudie hivyo miezi miwili kwenye makutano yako, mpime barabara kuu na za pembeni, basi lilichelewa dakika ngapi, na mtu wa miguu alisubiri sekunde ngapi, halafu hesabu hizo azione na mwananchi anayesimama pale kila siku.